Mnataka mhandisi Ikulu? Someni kwanza habari za Hoover



Kuna hoja moja ambayo imenikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kuitolea uvivu. Hoja yenyewe mmeisikia, na huenda wengine mmeisema kwa vinywa vyenu. Eti siasa imetuchosha. Eti wanasiasa ni maneno matupu. Eti siku tutakapompata mtu wa namba, mhandisi hasa, aliyeendesha makampuni na kuyapa faida, basi matatizo yetu yatakwisha kabla muhula wake wa kwanza haujaisha. Naisikia kwa wenzangu niliosoma nao chuo kikuu, naisikia vijiweni, naisikia hata kwenye vyumba vya habari. Na hapa Geita, ambako kila mtu ana ndugu anayefanya kazi mgodini au anayeitafuta kazi hiyo, ina mashabiki wengi zaidi. Wanasema mgodi unakwenda kwa saa, halmashauri inakwenda kwa posho. Nchi iendeshwe kama mgodi!

Haya. Wamarekani walilifanya jambo hilo. Mwaka 1928 walimchagua mhandisi wa migodi kuwa rais wao, na si mhandisi wa kubahatisha bali mmoja wa wakubwa kabisa duniani, tena mtu wa DHAHABU. Jina lake Herbert Hoover. Huku kwetu ukilitaja jina hilo mmoja atadhani unazungumzia mashine ya kufyonza vumbi, mwingine atakuambia ni yule bosi wa FBI. Hapana. Yule wa FBI ni J. Edgar Hoover, mtu mwingine kabisa. Huyu wetu alikuwa rais wa 31 wa Marekani, alikaa madarakani kuanzia Machi 1929 hadi Machi 1933, na aliondoka akiwa miongoni mwa watu waliochukiwa kuliko wote katika nchi yake.

Nataka tumtazame kwa makini, kwa sababu hadithi ya Hoover siyo hadithi ya mjinga wala mwizi. Angekuwa mjinga au mwizi nisingepoteza muda wangu na wenu. Ni hadithi ya mtu mwenye akili nyingi na mchapakazi, ambaye daftari lake la hesabu lilikuwa na kasoro moja. Kasoro hiyo ndiyo ninayoogopa tusije tukainunua kwa jina zuri la "utaalamu".

Tuanze na utoto, maana unavutia. Alizaliwa Agosti 10, 1874 katika kijiji cha West Branch, jimbo la Iowa, kwa wazazi wa madhehebu ya Quaker, wale ambao jirani zetu Wakenya wanawaita Marafiki, waliojaa kule Kaimosi. Baba alifariki Hoover akiwa na miaka sita. Mama akafuata mwaka 1884. Yatima huyu akapelekwa kwa mjomba wake Oregon, magharibi ya mbali. Mwaka 1891 chuo kikuu cha Stanford kilipofungua milango, yeye alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi. Akasoma jiolojia, akamaliza 1895. Na unajua kazi yake ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa ipi? Kusukuma mikokoteni ya mawe chini ya ardhi katika migodi ya dhahabu ya California, kwa malipo ya kibarua. Kwa lugha ya hapa kwetu, msomi alianza kama mwanaapolo.

Mpaka hapo nadhani wote tunampenda. Yatima, msomi, mchapakazi, hana godfaza. Ni mtu wa aina yetu.

Mwaka 1897 kampuni ya London iitwayo Bewick, Moreing ilimwajiri kwenda kwenye mbuga kame za Australia Magharibi ambako dhahabu ilikuwa imelipuka. Alikuwa na miaka 22, na inasimuliwa kwamba alifuga ndevu ili aonekane mtu mzima. Huko akauona mgodi mmoja mdogo, Sons of Gwalia, akawashauri mabwana zake waununue. Wakaununua, na mwaka 1898 wakampa yeye awe meneja. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu naamini urais wote wa Hoover ulionekana Gwalia miaka 30 kabla hajaingia Ikulu.

Meneja kijana alifanya nini? Alishusha gharama. Wiki ya kazi ikapanda kutoka saa 44 hadi 48. Malipo maradufu ya Jumapili yakafutwa. Wachimbaji wa Kiaustralia, waliokuwa na umoja wao na midomo yao, walipolalamika, akaleta wahamiaji kutoka Italia ambao walikubali ujira mdogo na hawakuwa na pa kusemea. Gharama ya kuchimba tani moja ikashuka, wanahisa wa London wakafurahi. Gwalia ukaja kuwa mmoja wa migodi mikubwa ya Australia Magharibi na katika uhai wake ukatoa zaidi ya wakia milioni 2.5 za dhahabu.

Kwenye karatasi hapo hakuna kosa. Mwanafunzi yeyote wa biashara angempa alama A. Lakini angalia jinsi daftari lilivyopangwa: dhahabu iko upande wa mapato, mwanahisa yuko upande wa faida, na mchimbaji yuko upande wa gharama pamoja na baruti, kuni na maji. Gharama kazi yake ni moja tu, kupunguzwa.

Kutoka Australia akaenda China na mkewe Lou Henry, wakanusurika na vita vya Boxer mwaka 1900 wakiwa Tianjin. Katika vurugu zile makaa ya mawe ya Kaiping yakahamia mikononi mwa wageni, na Hoover alikuwa katikati ya shughuli hiyo. Mwaka 1905 suala hilo lilifika mahakamani London, na upande wa Wachina ukashinda: jaji alisema ahadi zilizoandikwa kwao lazima ziheshimiwe. Hoover hakuwa mshitakiwa, alitoa ushahidi tu. Lakini sisi tulio katika nchi ya mikataba ya madini tunaijua vizuri harufu ya karatasi inayosainiwa wakati mwenye mali yuko hoi.

Mwaka 1909 akatoa kitabu, Principles of Mining, kilichosomwa na wahandisi kwa miaka mingi. Niwe mkweli: humo ameandika pia kwamba vyama vya wafanyakazi ni jambo la kawaida na halali mbele ya nguvu za mtaji. Kijana wa Gwalia alikuwa amekua kidogo. Lakini katika kitabu hicho hicho, akizungumzia nguvukazi, anasema kwamba kwa uzoefu wake mzungu mmoja mgodini ni sawa na watu wawili hadi watatu wa rangi, hata kwenye kazi rahisi ya koleo na kusukuma mikokoteni! Soma tena sentensi hiyo, wewe msomaji wa Geita, Kahama, Nyamongo. Huyu hakuwa mlevi wa kilabuni anayetukana. Huyu ni mtaalamu, katika kitabu cha kitaalamu, anatoa UWIANO. Ubaguzi ukivaa suti ya namba huwa mgumu kuubishia, maana anayebisha anaambiwa hana takwimu.

Sasa tuwe waungwana, tumpe haki yake. Kufikia mwaka 1914 Hoover alikuwa na miaka 40 na utajiri unaokadiriwa kufika dola milioni 4. Vita Kuu ikalipuka, Wajerumani wakaikalia Ubelgiji, Waingereza wakafunga bahari, na raia wa Ubelgiji wakabaki katikati wakisubiri kufa njaa. Hoover aliacha kutengeneza pesa, akaunda tume ya kuwalisha. Akawabana Waingereza, akawabana Wajerumani, akapata meli, akapata unga. Watu zaidi ya milioni 9 wa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa walikula kwa sababu yake. Baadaye njaa ilipoipiga Urusi mwaka 1921, shirika aliloliongoza lililisha zaidi ya watu milioni 10 kwa siku ilipofika kilele, pamoja na kwamba aliuchukia Ukomunisti kama ukoma. Ni watu wachache katika historia walioshibisha matumbo mengi kiasi hicho. Kazi ile ilimfaa: tani ngapi, meli ngapi, midomo mingapi.

Lakini hapa naomba niwakumbushe jambo ambalo vitabu vya Hoover havina. Wakati Ubelgiji inalishwa, jeshi la Ubelgiji lilikuwa huku kwetu. Mwaka 1916 askari wao kutoka Kongo waliteka Biharamulo, si mbali na hapa, wakashuka mpaka Tabora ambayo ilianguka Septemba 19 mwaka huo. Jeshi lile lilitembea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na likala vya wanavijiji. Kwa upande wa Ugogo, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye walikomba nafaka, ng'ombe na vijana, ukame ukamalizia. Ikaja ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Hakukuwa na tume. Hakukuwa na meli za unga. Simlaumu Hoover kwa Mtunya, hakuhusika. Ninachosema ni kwamba hata huruma huwa na daftari lake, na katika daftari la dunia ya wakati ule sisi hatukuwa na ukurasa.

Turudi Marekani. Shujaa wa Ubelgiji akawa Waziri wa Biashara kuanzia 1921. Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika vibaya sana, naye akapewa kusimamia uokoaji. Magazeti yakamwimba. Kilichoimbwa kidogo ni kwamba katika makambi ya waathirika kule Mississippi, Wamarekani weusi walizuiwa kuondoka chini ya ulinzi wa bunduki, kwa sababu wenye mashamba ya pamba waliogopa vibarua wao wasije wakatoroka kwenda kaskazini. Taarifa zilipovuja Hoover aliunda kamati ya watu weusi chini ya Robert Moton wa Tuskegee ichunguze. Kamati ikachunguza, ikaona. Ripoti haikupigiwa kelele, ahadi zikatolewa, uchaguzi ukapita, ahadi zikayeyuka. Je, tabia hiyo ya tume na ripoti ni ngeni kwenu?

Novemba 1928 alishinda kwa kishindo, majimbo 40 kati ya 48. Wakati wa kampeni aliwaambia wananchi kwamba Marekani inakaribia kuushinda umaskini kuliko nchi yoyote katika historia. Aliapishwa Machi 1929. Oktoba mwaka huo huo soko la hisa la New York likaporomoka.

Mashabiki wa "mtu wa namba" hapo hunirukia: kwani Hoover ndiye aliyeleta Mdororo Mkuu? La hasha. Ungekuja hata angekaa malaika. Na ule uongo kwamba alikaa tu akikunja mikono nao tuuache. Aliwaita wenye viwanda akawasihi wasishushe mishahara. Alisukuma ujenzi wa miundombinu, likiwemo lile bwawa kubwa la mto Colorado linalobeba jina lake. Januari 1932 serikali yake ilianzisha shirika la kukopesha mabenki na makampuni ya reli. Mshahara wake wa urais alikuwa anautoa sadaka. Alifanya kazi kama punda.

Basi kosa liko wapi? Kosa ni lile lile la Gwalia. Tazama ukame wa mwaka 1930 na 1931. Wakulima wa Arkansas na majirani zao walipoteza mazao. Serikali ya Hoover iliunga mkono mikopo ya mbegu na ya chakula cha MIFUGO. Ilipokuja hoja ya pesa za serikali kuu kwa ajili ya chakula cha WATU, Hoover akapinga. Alisema hiyo ni kazi ya Msalaba Mwekundu na majirani wema, serikali ikimlisha mtu itamharibu tabia. Wapinzani wake bungeni wakamsuta: punda na baghala wanastahili kula, mkulima hastahili. Januari 1931 wakulima wenye njaa katika mji mdogo uitwao England, hukohuko Arkansas, waliingia mjini wakidai chakula madukani.

Lakini ndani ya daftari la Hoover kila kitu kilikuwa sawa! Mbegu ni mtaji. Baghala ni mtambo. Ukimlisha mtambo utazalisha, deni litalipwa. Binadamu anayekula bila kuzalisha ni gharama. Mtu aliyewalisha Wabelgiji milioni kadhaa akashindwa kuwalisha Wamarekani wenzake, na si kwa roho mbaya. Ubelgiji ilikuwa ajali, na ajali ina mwisho wake na hesabu yake. Njaa ya nyumbani ilikuwa ni matokeo ya mfumo aliouamini, na kuikubali ilikuwa ni kukubali kwamba daftari lina kasoro.

Kati ya 1930 na 1932 mabenki zaidi ya 5,000 yalikufa. Alipokuwa anatoka madarakani karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Watu waliofukuzwa kwenye nyumba walijenga vibanda vya mabati na maboksi pembezoni mwa miji, na wakaviita kwa jina la rais wao: Hooverville. Kiangazi cha 1932 askari wastaafu wa Vita Kuu, maelfu kwa maelfu, walipiga kambi Washington na familia zao wakidai kiinua mgongo chao kilicholimbikizwa kilipwe mapema. Julai 28 jeshi lilitumwa kuwaondoa. Jenerali Douglas MacArthur alivuka mipaka ya maagizo aliyopewa, akawafuata mpaka ng'ambo ya mto, vibanda vikateketea kwa moto. Hata hivyo Hoover hakumkana hadharani jenerali wake. Novemba mwaka huo Franklin Roosevelt akamwacha na majimbo sita tu.

Sasa tuje nyumbani, maana kuna kamba inayotoka kwenye kisa hiki moja kwa moja hadi kwenye vilima hivi ninavyoviona kila siku.

Hoover aligoma kabisa kuiachia dola yake iachane na dhahabu. Bei ilikuwa dola 20.67 kwa wakia na kwake hiyo ilikuwa kama amri ya mlimani. Waingereza walishindwa kuvumilia, Septemba 1931 wakaachana na mfumo huo, pauni ikashuka, na kwa hiyo bei ya dhahabu kwa pauni, pamoja na shilingi ya Afrika Mashariki iliyokuwa imefungwa kwenye pauni, ikapanda. Januari 1934 Roosevelt naye akaipandisha hadi dola 35. Dunia nzima mkonge na pamba havina bei, lakini dhahabu inapaa! Ndipo Kakamega ikavamiwa, Lupa ikachangamka, na kando ya Ziwa Victoria majiwe ya Geita, ambayo Wajerumani walikuwa wameyagundua tangu mwaka 1898, yakawa na maana. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ni mtoto wa miaka ile ya 1930. Shida ya Wamarekani ilituzalia mgodi.

Na mgodi ule ulifanyaje? Ukafungwa mwaka 1966. Baada ya hapo Geita haikuona mgodi mkubwa kwa zaidi ya miaka 30, mpaka huu wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000.

Gwalia je? Mgodi wa Hoover ulifungwa Desemba 1963. Inaelezwa kwamba ndani ya wiki tatu mji ule ulitoka watu kama 1,200 hadi kubaki na wasiozidi 40 hivi. Watu waliacha nyumba na vyombo ndani. Vibanda vya mabati vya wachimbaji bado vipo, watalii wanakwenda kuvipiga picha, na ile nyumba nzuri ya meneja juu ya kilima, ambayo Hoover aliagiza ijengwe, inapokea wageni wa kulala. Mgodi baadaye ulifufuliwa na makampuni mengine na unachimbwa tena. MJI haukufufuka. Hoover mwenyewe alifariki New York Oktoba 20, 1964, miezi kumi tu baada ya Gwalia kuzima, akiwa na miaka 90, tajiri, na heshima yake ikiwa imerudi kwa kazi nzuri ya chakula aliyomfanyia Rais Truman mwaka 1946. Kama ni hesabu, yeye alifunga daftari akiwa na faida.

Mnaona basi ninakokwenda? Kitabu chake cha 1909 kinafundisha jambo ambalo kila mhandisi wa madini analijua na ambalo sisi wenye mji hatupendi kulisikia: mgodi ni mali inayokufa. Kila tani inayotoka haitarudi. Kwa hiyo mwekezaji makini lazima ahakikishe mtaji wake umerudi kabla mwamba haujaisha. Hakuna ubaya hapo, ni hesabu nzuri kabisa. Ila ni hesabu ya mwekezaji. Swali langu ni: hesabu ya Geita anaifanya nani?

Wanaapolo wetu wana jibu bora kuliko wasomi wetu. Nenda kwenye duara lolote la wachimbaji wadogo. Kabla ya shimo kushuka, mwenye leseni anajua fungu lake, mwenye duara analijua lake, na wachimbaji wanalijua lao. Viroba vikipanda juu vinagawanywa hapohapo, kelele zipo, dhuluma pia zipo, sikatai. Lakini hakuna anayeshuka chini akiwa ameandikwa kama gharama tu. Ana FUNGU. Ile vita ya maneno ya magwangala iliyoutikisa mkoa huu miaka ya 2010 watu wa Dar waliichukulia kama kichekesho, eti Wasukuma wanagombania mawe ya kutupa. Haikuwa kichekesho. Ilikuwa ni watu waliofutwa kwenye daftari kubwa wakiomba waandikwe angalau kwenye ukurasa wa mabaki.

Tumepiga hatua, lazima tukiri. Sheria za mwaka 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, zikaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 migodini, na mipango ya kampuni ya kuwajibika kwa jamii sasa inapita halmashauri. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa hapa Geita na mchimbaji mdogo akapata mahali halali pa kuuzia. Upo pia ushuru wa huduma. Mambo haya hayakuletwa na watu wa namba. Yaliletwa na kelele. Yaliletwa na wabunge, wanaharakati, waandishi, wanakijiji waliofunga barabara, yaani SIASA, ile ile mnayosema imewachosha. Mhandisi alikuwepo siku zote. Alikuwa anafanya hesabu aliyoajiriwa kuifanya.

Sheria inautaka mgodi uwe na mpango wa kufunga: mashimo yafanyweje, ardhi irekebishwe vipi, dhamana ya pesa iwekwe. Vizuri sana. Lakini huo ni mpango wa kufunga shimo. Mpango wa kufungua mji baada ya shimo kufungwa uko wapi? Mgodi ulianza juu ya ardhi, na tangu mwaka 2016 umekuwa ukiingia chini zaidi na zaidi. Unatoa karibu nusu milioni ya wakia kwa mwaka. Wakia hizo zinahesabika. Zikihesabika, maana yake zina mwisho, na mwisho huo wataalamu wanaujua kwa makadirio na wanaurekebisha kila mwaka katika ripoti za wanahisa. Mwanahisa aliye Johannesburg au New York anajua mgodi wa Geita umebakiza miaka mingapi. Mama anayeuza samaki Nyankumbu hajui. Mwalimu aliyekopa benki kujenga nyumba ya kupangisha hajui. Hiyo ndiyo Gwalia inavyoanza, jamani.

Kwa hiyo ninyi mnaomtaka mhandisi Ikulu, au bungeni, au hata kwenye kiti cha mwenyekiti wa halmashauri, mimi sina ugomvi na wahandisi. Waje. Tunawahitaji, na hesabu zao tunazihitaji. Lakini kabla hujampa kura mtu yeyote kwa sababu eti anajua kuhesabu, muulize maswali matatu. Kwanza, kwenye daftari lako mimi niko upande upi, wa mapato, wa gharama, au simo kabisa? Pili, siku njaa ikija, nani atakula kwanza, mimi au baghala? Tatu, shimo likiisha wewe utakuwa wapi, na sisi tutakuwa wapi?

Akianza kukujibu kwa grafu, jua umekutana na Hoover.

Naomba kuwasilisha hoja. Mwenye kupinga apinge, ila aje na majibu ya maswali hayo matatu, asije na wasifu wa mtu na orodha ya vyeti vyake. Vyeti Hoover alikuwa navyo.